Ukuta wa Igombe

Losheni ya zamani ilikuwa nyeupe kama chokaa.
Nikijipaka alfajiri, kabla sijatandaza dagaa,
watoto wa Igombe waliniita Ukuta.
"Ukuta umeamka! Ukuta umeshika ufagio!"
Nilicheka nao. Mwenye ngozi kama yangu
hujifunza mapema kipi cha kucheka na kipi cha kukimbia.

Hii mpya ameileta Sayi, mtoto wa dada,
anayesoma kemia kule mjini kwenye mawe.
Tyubu ndogo, kifuniko cha bluu.
Unaipaka, unasugua mara tatu, haipo.
Nabaki mimi:
mkono wangu, madoa yangu ya kahawia,
kovu la Bugando, pale walipoigandisha nyama
kwa kitu baridi kinachotoa moshi
wakaniambia, Mbuke, jua la saa sita si mwenzako.

"Ni zinki ileile," Sayi akasema, "ila imesagwa.
Shika unywele wako mmoja.
Unene wake ugawe mara elfu.
Chembe yenyewe iko hapo, au karibu na hapo."
Niking'oa mmoja, wa rangi ya mahindi,
nikautazama mpaka macho yakacheza
(yangu hucheza hata yasipotafuta kitu).
Mara elfu! Nani alikaa akasaga hivyo,
kwa jiwe gani, kwa goti lipi?
Bibi yangu alisaga mtama tangu jogoo wa kwanza
na unga wake bado uliukwaruza ulimi.
Chembe pekee niliyoijua mimi ni ile ya moyo,
pale panapouma bila kidonda.

Kinachonilinda sikioni.
Lisome tena, neno hili laweza kukupoteza:
sikioni kwa jicho,
ila sikioni kinanong'ona usiku kucha,
"Na ukioga, Mbuke, mimi naenda wapi?"

Maana naoga hapa. Sote tunaoga hapa.
Ndoo ya kunywa na beseni la nguo
huchotwa hatua kumi kutoka lilipo tope.
Zamani nikijisugua shingo
utando mweupe ulielea, nikaufuata kwa macho
hadi kwenye magugu ukanasa.
Sasa maji yanabaki maji.
Usafi huo ndio unaonikosesha usingizi.

Sayi hakunidanganya, namshukuru.
Alisema ngozi nzima huizuia juujuu, hilo wamelipima;
ya kupuliza ndiyo niikwepe, isiingie kifuani.
Na ziwa? Na vijidudu wanavyokula dagaa?
"Bado tunapima, mama mdogo."
Bado.
Neno fupi, nalo hakuna rula inayolifikia mwisho.

Nimewaona mbu wa ziwa wakipanda kutoka majini.
Mmoja si kitu, ukimpuliza amekwenda.
Wakikutana wanakuwa moshi,
Masalu anazima taa ya duka,
na wewe unafunga mdomo katikati ya sentensi.

Lakini jua.
Nimemzika Holo, nimemzika Nshoma,
na kaka yake Nshoma aliyekuwa akishona viatu barazani,
upande mmoja wa uso umeelekea magharibi
miaka kumi na saba.
Watu hudhani tuliogopa panga tu.

Kwa hiyo najipaka. Masikio, nyuma ya shingo,
vidole vya miguu vinavyosahaulika.
Jioni naogea beseni nyuma ya nyumba,
maji nayamwaga kwenye shimo la mchanga,
nikijua mchanga nao una njia zake
na mvua za masika hazina adabu.

Jana kijana wa Bugumba, wa miaka minne,
alisimama mbele ya chanja langu akiwa amenuna.
"Ukuta umeenda wapi?"
Nikamwambia, gusa.
Akapitisha kidole kwenye mkono wangu, polepole,
kama anayetafuta mlango.
Akakinusa.
Akakipangusa kwenye kaptula,
akaivua kaptula,
akakimbilia majini.