Sarafu ya Mia Mbili

Mbezi Beach, nyuma ya nyumba yenye geti la bluu,
nilikuta maji yenye rangi ya mlenda uliolala.
Miaka sita. Majani ya mwarobaini yameoza tabaka kwa tabaka,
viluwiluwi wanajikunja na kujikunjua
kama alama za mkato zilizotoroka daftarini,
na chura mmoja, mwenye nyumba halisi,
akanitazama kana kwamba nadaiwa kodi.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga.
Haya, Pazi, hata shati usivue.

Bi Esteria Mrutu alisimama mlangoni, hakusogea.
"Bwawa la marehemu," alisema. "Mimi sijui kuogelea.
Bwana afya kapita mara mbili, kaandika kwa chaki ukutani.
Yamwageni yote, mpige fagio, tumalize."

Nikamwambia: Mama, hapana.
Huu ni Aprili. Mvua imelala chini ya uwanja huu,
chimba mkono mmoja tu utaiamsha.
Sufuria tupu ukiikandamiza kwenye karai la maji, inafanyaje?
Inapanda. Na hili litapanda, na vigae vyake, na ngazi,
likupasukie hapa uani kama ganda la yai.
Uzito wa maji mabaya ndio umelishikilia.

Alinyamaza.
Kisha akauliza, sufuria ya ukubwa gani.

Tukaanza na wavu.
Ndoo arobaini na moja za majani; Pazi alihesabu kwa sauti
ili asisikie harufu.
Kijiko. Kandambili ya mguu wa kushoto.
Miwani ya kusomea, imebaki kioo kimoja:
hiyo Bi Esteria aliipokea kwa mikono miwili,
akaifuta kwa khanga, akaingia nayo ndani,
na chai siku hiyo ilichelewa.

Mchanga wa chujio ulikuwa umeganda tofali.
Tukauvunja, tukatia mpya. Pampu ikakohoa,
ikatema kutu, ikakubali.
Saa tisa Luku ikaanza kulia.

Kichupa cha kwanza cha kupimia kilibaki cheupe:
klorini hakuna, hata ya kusingizia.
Cha pili kikaiva zambarau.
Tindikali huingizwa kwenye maji, maji hayaingizwi kwenye tindikali;
hilo nilimfundisha Pazi kwa kumwonyesha kovu langu.
Klorini tuliimwaga baada ya magharibi,
maana jua la Dar lina kiu,
likiikuta mchana linainywa kabla haijashika kazi.
Tukasugua kuta kwa taa ya simu.

Asubuhi kijani hakipo.
Maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele.
"Mmeyaharibu," alisema Bi Esteria.
Huo ni ukoga, mama. Umeshakufa, bado kuzikwa tu.
Neno likanitoka hivyo, nikaliona likimfikia.
Hakusema kitu. Alikwenda dukani
akarudi na umeme wa elfu hamsini.

Siku nne pampu haikulala. Chujio tuliliosha, likajaa, tukaliosha.
Siku ya tano akataka uzio, na lango linalojifunga lenyewe,
kwa sababu ya wale mapacha wa jirani.
"Maji machafu hayana mtoto anayeyatamani," alisema.
"Masafi ndiyo yanayoita."
Miaka kumi na mitatu kwenye kazi hii,
sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

Siku ya nane nikatoa sarafu ya mia mbili mfukoni,
nikaitupa upande wa kina.
Ukisimama ukingoni ukasoma ni upande gani umelala juu,
maji yamepona.
Mimi nilishauona. Nikakaa kimya.

Alivuka mlango. Alivuka ua. Akafika ukingoni,
akavaa ile miwani ya kioo kimoja,
akafumba jicho la pili.

"Simba," alisema.
Kisha, baada ya muda: "Wawili."

Pazi akauliza nani atazamia kuiokota.
Bi Esteria alikuwa ameshavua kandambili,
moja, ya mguu wa kushoto.