Mzinga wa Kumi na Tisa

Waliniita Nyanzala kwa kuwa nilizaliwa mwaka wa njaa,
mwaka ambao mama alipika mbegu
huku akilia na kukoroga.
Mtu wa jina hili haulizwi kwa nini anaanika michembe
na kihenge bado kimejaa.

Miaka thelathini na moja nilikata tiketi stesheni ya Tabora,
za Kigoma, za Mpanda, za Mwanza.
Kila aliyefika dirishani alijua anakoshuka.
Nami najua nitakakoshuka:
nyumba ya masista, njia ya Ipuli,
chumba cha tatu, dirisha linalotazama mpapai.
Kitanda chake nimeshakilalia, kukijaribu.
Kinalia kidogo upande wa ukutani.

Sista Adelina alinitajia ada bila kupepesa macho.
Nikafungua daftari.
Na pampasi, zimo?
Hazimo.
Na wa kunigeuza usiku?
Huyo malipo yake mbali.
Na bei hii, mwakani itakuwa hii hii?
Akacheka. "Bibi, kwani sukari ni ile ile?"

Kiinua mgongo changu kiliinua migongo ya wengine:
karo, bati, mahari ya mtu aliyekwisha kuachana.
Zimebaki nyuki.
Mizinga kumi na minane porini Ipole,
juu ya miti ya mtundu, mbali na moto,
na kila mmoja nimeupaka jina kwa rangi nyeupe:
CHUMBA mitano, UJI minne,
DAWA, USIKU, SABUNI, na mmoja JENEZA
ambao, sijui kwa nini, ndio wenye asali nyingi kuliko yote.
Dumu moja ni siku ishirini za kulala na kula.
Nina miaka sitini na nne. Mama alifika themanini na tisa.
Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, kwa kalamu ya risasi.

Mihayo akapiga simu kutoka Dodoma.
"Shangazi, unatutia aibu. Watu watasema umetupwa.
Sisi tupo."

Tupo. Nalijua neno hilo.
Mama alipolala miaka saba, kaka zangu walikuwapo:
walikuwapo Kahama, walikuwapo Dodoma,
walikuwapo kwenye simu kila sikukuu.
Aliyejua uzito wa mguu wake wa kushoto ni mimi.
Nilimpenda. Na usiku mmoja, shuka la tatu,
nilimkaripia mpaka akaniomba radhi,
yeye, aliyenipikia mbegu.
Hilo sijamwambia mtu. Nakwambia wewe, mwanangu,
ujue kwamba siukimbii upendo wako.
Sitaki tu uishie kwenye beseni.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Juu ya pampasi hawakusema kitu.

Nimewatazama nyuki pia.
Nyuki mzee halelewi. Mbawa zikichakaa
huruka asubuhi moja na wenzake, jioni hayumo.
Lugendo, fundi wangu wa mizinga, aliita hiyo heshima.
Nikamwambia, hakuwa na daftari tu.

Jumamosi akaniletea mwingine, gogo la mninga,
bado unanuka shoka.
Wa kumi na tisa.
Akachovya brashi, akasubiri. Huu ni wa nini?
Nikafikiri paa la chumba litavuja, nikafikiri miwani,
nikafikiri watoto wa Mihayo wameshuka basi,
vumbi mpaka kwenye nyusi, wamepanga viti barazani
na bibi yao hana cha kuwapa.

Andika SODA, nikasema.
Akanitazama. Akaandika.

Ukija, Mihayo, usikae upande wa ukutani.
Kitanda kinalia.