Kidole Kimoja Kila Jumamosi

Jumamosi, kabla jua halijapanda ukuta wa jirani,
nachomeka vigingi viwili, navuta kamba ya katani
toka kona ya tangi la maji mpaka ngazi ya baraza.
Nachuchumaa. Nafumba jicho moja.
Miaka thelathini na moja nilifanya hivi kwa mshahara:
Tegeta, Goba, Mbezi Juu,
darubini begani, matope ndani ya raba,
nikizika bikoni za zege kwenye pembe za viwanja vya watu
na usiku watu wakizing'oa.

Sasa kiwanja ni changu, hapa Mbweni,
na wadai wapo wawili tu:
ukoka wangu upande huu,
maua ya Nakijwa upande ule.

Ukoka hauji barazani.
Hauna wakili, hauna bahasha ya kaki.
Hutambaa chini kwa chini, kama umbea wa msibani,
ukatoa kijino cheupe katikati ya asumini;
ukiuvuta, unavuta futi nne za uongo.

Mchanga wa huku nao hauna msimamo.
Leo umeukata ukingo, umesimama kama kipande cha keki;
kesho kutwa masika yanaupiga kofi,
unalala chali.
Jirani, Mama Chausiku, kapanga chupa za bia kichwa chini,
kijani na kahawia, shingo mchangani.
"Weka chupa, baba, upumzike."
Nikamwambia sinywi.
Ukweli ni kwamba sitaki kupumzika.
Nalipenda sepeto likizama, ule mkwaruzo
wa mizizi ikikatika,
na mstari mweusi unaobaki, mbichi,
kama wanja uliopakwa na mkono usiotetemeka.

Juzi Mbonea katutumia picha
ya siku tuliyohamia; kaikuta kwenye simu mbovu.
Mama yake kasimama kwenye nyasi, kashika mpira wa maji,
nyuma yake tuta jembamba, upana wa kanga iliyokunjwa.
Nikatoka nje na futi kamba.
Nikapima. Nikapima tena kuanzia upande wa pili,
maana ndivyo tulivyofundishwa.
Mita moja na sentimita arobaini
za nyasi, zimeliwa.

Nani kasogeza?
Si ukoka. Ukoka ulikuwa unarudi kwao.
Ni mimi. Kila Jumamosi, ili mstari uwe safi,
nilikata pale palipo imara,
kidole kimoja ndani ya nyasi,
kidole tu, kwa ajili ya unyoofu.
Mimi niliyewaandikia watu barua za mhuri
kwa kuhamisha bikoni hatua mbili.

Nakijwa alikuwa jikoni akichambua mchicha.
"Ulijua?"
Hakuinua uso.
"Ile mirehani unadhani niliipandia wapi?
Na ule mlangilangi?
Ulipokata, nilipanda. Sikuomba hati."

Leo ni Jumamosi. Kamba imelowa umande.
Nyasi zimebaki za kutandika mikeka miwili, pengine na nusu.
Nimesimama na sepeto muda mrefu kuliko kawaida.
Ukingo wa wiki jana umemomonyoka,
huwezi kukata juu ya kilichomomonyoka.
Nikakata. Kidole kimoja.
Toka dirisha la jikoni nikasikia
kopo la maziwa likigongwagongwa kitako,
mche ukitolewa.