Nusu Yenu, Nusu Yetu

Harlan kaja na chupa ndani ya soksi ya sufu,
kutoka Kentaki, ndege tatu na feri moja,
akaitua mezani kwa Effie kama mposaji.
"Nimechanganya," akasema. "Nusu yenu, nusu yetu."

Effie hakujibu. Miaka arobaini pua yake
ndiyo iliyoamua pipa lipi liamke.
Nje, mvua ya Islay ilipiga bati kwa ubavu.

Akainusa, mdomo wazi kidogo.
Mahindi kwanza: sukari iliyoungulia chini ya sufuria,
vanila, mbao mpya iliyobabuliwa moto.
Utamu usiobisha hodi.

Kisha, nyuma ya ulimi, akaingia mwenyeji:
moshi wa mboji, chumvi,
kamba iliyolowa,
koti la marehemu Lachlan
alipokuwa akirudi kutoka kuchimba mboji
na kulitundika karibu mno na jiko.

"Zinagombana," akasema.
Harlan akatazama viatu vyake.

Akadondosha maji kwa kijiko cha chai, matone matatu,
akangoja. Saa ya ukutani
ilikuwa imesimama tangu Pasaka.

Akaonja tena, akaishikilia shavuni muda mrefu.
"Bado zinagombana. Ila sasa
ni ugomvi wa watu waliokwisha kukubali
kulala nyumba moja."

Akafungua kabati, akatoa glasi ya pili,
ile ya Lachlan, yenye ufa ukingoni,
ambayo mgeni hajawahi kuishika.
Akaipangusa kwa upindo wa sweta.
"Jimiminie," akamwambia.
"Na mimi usinibanie."