Aliyehesabu

Ukumbi wa Raskazone ulikodiwa siku mbili.
Wageni themanini na kitu, vitambulisho shingoni,
na kiyoyozi kilichokuwa kikikohoa.
Mimi nilikaa mstari wa nyuma, karibu na birika la chai,
kwa kuwa Dokta Semkiwa alisema: Njoo, Mwanashehe,
huenda wakauliza mambo ya vizimba.

Mwaka wa sita huu natunza panya.
Nabadilisha maranda, napima maji,
namjua anayeng'ata na anayejifanya kalala.
Panya wengi hawachimbi shimo, husema watu;
wangu hawana hata pa kuchimba,
wana namba masikioni.

Dokta akawasha picha ukutani:
ubongo uliokatwa vipande kama muhogo wa kukaanga,
mwekundu palipo hai, mweupe palipokufa.
Uzi mwembamba hupitishwa shingoni
mpaka damu isimame.
Saa moja na nusu. Kisha huvutwa.
Kabla ya takwimu alitaja wangapi hawakuamka,
kwa sauti ya chini, kama anayetaja marehemu.
Nilimpenda kwa hilo.

Ikafuata video. Namba arobaini na moja
ndani ya mtungi wa kioo
anasimama kwa miguu ya nyuma, anapapasa ukuta
kwa mkono wa kulia. Wa kulia. Wa kulia tena.
Wa kushoto unaning'inia
kama mkono wa shati kambani.
Watu wakaandika.
Mimi nikauona ukumbi mwingine, wa nyumba yetu,
barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
mama akitoka msalani alfajiri anapapasa chokaa,
alama za kiganja zimefuatana hadi mlangoni,
zote za mkono mmoja.

Kiharusi. Sijui nani aliitia harusi humo.
Hapakuwa na ngoma.
Alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamteleza,
akasema neno lisilo neno,
akacheka upande mmoja.

Bibi mmoja, profesa, miwani kwenye mnyororo,
akainua mkono:
Panya wako ni vijana, wazima, wanakula kwa saa.
Wagonjwa wangu wana miaka sitini, presha, sukari,
na hunifikia siku ya tatu
wameshafukizwa na kuchanjwa.
Dawa ngapi zimemponya panya,
zikafika kwa mtu zikanyamaza?
Nyingi, akasema Semkiwa.
Hakuongeza.
Na mikono hiyo, aliihesabu nani?

Mtunza panya wetu, yule pale nyuma.
Hakuambiwa nani kapewa dawa, nani maji ya chumvi.
Hadi leo hajui.

Shingo zote zikageuka.
Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.
Sijawahi kusifiwa
kwa nisichokijua.

Jioni nimemkuta mama mkekani,
kiganjani ule mpira aliopewa Bombo,
auminye mara ishirini kutwa mara tatu.
Anaminya, nahesabu.
Jana niliona kidole cha shahada kimetikisika.
Leo nimeona viwili.
Dada yangu Mwanaidi anasema hakuna kilichotikisika,
ni kivuli cha feni.
Huenda.
Kule kazini mimi ni mizani. Hapa sifai kitu:
namjua ni nani, najua nimemwombea nini,
na kila jioni daftarini naandika nafuu.
Laiti angekuja mtu asiyemfahamu,
akae kigodani, atazame mkono tu,
asiambiwe uliwahi kunisuka nywele.

Kumi na tano, anasema mama,
ulimi mzito, neno zima.

Mimi nilikuwa nimefika kumi na tatu.