Kati ya Toka na Toa

Nimeapa: sitaongeza, sitapunguza.
Kazi yangu ni kupitisha maneno
kama apitishaye maji kwa kiganja
toka kizimbani hadi meza ya hakimu.
Yanayodondoka njiani hayana wa kuyauliza.

Jina lake Ayikoru, miaka kumi na minane na miezi miwili,
mtoto wa kambi ya jeshi, Kiswahili chake cha gwaride,
kifupi, kimenyooka, hakina maua.
Akasema: "Mimba ilitoka."
Mwendesha mashtaka akasimama:
"Mkalimani, amesema aliitoa?"

Toka. Toa.
Herufi moja katikati, k,
kijiti kilichokwama kooni,
na kwenye kijiti hicho wametundika miaka saba,
na kumi na minne mingine kwa mkunga Drateru
aliyekutwa na glavu mbichi mikononi
na ndoo ambayo hakuwahi kuimwaga.
Nikasema kwa Kiingereza: ilitoka.
Nikajisikia sauti inatetemeka
kama ya mtu aliyeongeza kitu.

Umeme ukakatika. Tukatoka barazani.
Padri Ezama, aliyekuja kwa ajili ya mkunga
(yeye alimbatiza, yeye alimfungisha ndoa),
akasema polepole, bila hasira:
"Uhai haungoji kusajiliwa.
Tangu siku ya kwanza ameitwa kwa jina
ambalo sisi bado hatujaambiwa."
Shehe Abdulgadir akavuta tasbihi:
"Wako wanazuoni wetu wanaohesabu siku mia na ishirini
kabla ya roho kupulizwa.
Lakini usininukuu vibaya, dada.
Mlango wa dharura si mlango wa kwendea sokoni."
Wakamenya ndizi moja, wakagawana. Hawakukubaliana.
Nami, binti wa katekista, mama wa watatu
niliowabeba kwa kutapika na kwa furaha,
nilimwamini kila mmoja kwa zamu.

Mwanamume hakutajwa.
Kwenye faili yumo mara moja, ukurasa wa tisa:
mhusika hajulikani aliko.

Umeme ukarudi. Wakili akafungua Katiba,
ibara ya ishirini na mbili:
hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai
wa mtoto ambaye hajazaliwa,
ila kama itakavyoruhusiwa na sheria.
"Mheshimiwa, naomba nionyeshwe sheria hiyo."
Hakimu akamtazama karani. Karani akalitazama kabati.
Mle mna sheria za mbwa, za pombe, za mizani ya sokoni,
na ile ya jinai tuliyoachiwa na Waingereza
pamoja na mawigi.
Sheria iliyoahidiwa haimo.
Tangu mwaka tisini na tano neno ila
limesimama peke yake, fremu ya mlango
uwanjani, nyumba haijajengwa.
Wapo wanaopita humo usiku.
Wapo wanaookotwa asubuhi kizingitini.

Na ila, katika lugha yangu, ni kasoro pia.
Hakuna kizuri kisicho na ila, tunasema.
Hiyo sikuitafsiri. Hakuna aliyeniuliza.

Mkunga alipopewa nafasi alisema tu:
"Alikuja anavuja damu. Sikumwuliza herufi."
Padri akainamisha kichwa.
Sijui kama alikuwa anasali au anakataa.

Kesi imeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa.
Watu wakaanza kukusanya mifuko,
Ayikoru akanyosha mkono kama yuko darasani.
"Naomba kuuliza. Jumatatu tuna mtihani wa fizikia.
Nitaruhusiwa?"
Nikatafsiri.
Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Hilo haliko mbele ya mahakama."
Mpiga chapa akaondoa vidole kwenye mashine.

Kwa hiyo naliandika mimi, hapa,
bila kuongeza, bila kupunguza:
Jumatatu. Fizikia. Saa tatu asubuhi.
Kalamu anayo.