Milimita Sita

Sikujui kwa sura, bwana Thrasivulos.
Nakujua kwa kopo lenye kifuniko chekundu
na mwandiko wa nesi wa wodi ya tatu,
anayekatakata herufi kama vitunguu:
miaka sabini na mmoja, mwoka mikate, homa,
mkojo wa rangi ya chai iliyolala.

Jana jioni niliwapaka wageni wako juu ya sahani,
kushoto kulia, kushoto kulia, kama siagi,
nikapanga juu yao karatasi sita za mviringo,
kila moja na dawa yake, kila moja
upana wake milimita sita.
Nikafunga kabati la joto. Nikaenda zangu.
Volos ilikuwa imelowa, na msalaba wa kijani
wa duka la dawa ukiwaka, ukizima,
kama mtu anayekonyeza.

Ikienda vizuri, huwa hivi:
dawa huchuruzika kutoka kwenye karatasi
na kumkuta bakteria kazini, maana hana kazi nyingine,
ajenge ukuta, agawanyike, ajenge tena.
Dawa humshika fundi mkono.
Tofali halikutani na tofali, maji yanapenya,
anavimba, anavimba,
pyaa.
Nyingine hupita ukuta bila kuubomoa, huingia jikoni
na kuvuruga mapishi hadi kila chungu kitoke kibichi.
Asubuhi, kuzunguka karatasi, pana uwanja mtupu.
Naweka rula. Ishirini na tano, naandika. Ishirini na nane.
Nakunywa kahawa yangu ikiwa bado ya moto.

Binti yako, Polixeni, alinipigia simu,
sijui namba kaipata wapi.
Baba hakuwahi kuugua, alisema,
kila akikohoa majira ya baridi
alimeza vile vya njano, viwili vitatu,
vilivyobaki vikarudi kwenye kopo la hamira.
Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje kwamba mafua
hayana ukuta wa kubomoa,
kwamba kila kidonge kilishuka tumboni
kikakuta mtaa mzima wa wapole
na kuufyeka bure?

Tunasema sugu, na mtu hufikiri
kiganja chako, bwana, ile ngozi ngumu
iliyoota kwa miaka arobaini ya mpini wa koleo.
Sivyo. Hakuna aliyezoea.
Waliokuwa laini walikufa wakiwa laini.
Alibaki mmoja, kosa la mnakili tu, herufi iliyoruka,
mwenye mkasi wa kuikata dawa kabla haijamfikia,
na mwingine mwenye pampu mlangoni,
ikiingia anaitapika.
Wakaachiwa nafasi, na chakula.
Kila dakika ishirini, mmoja ni wawili.
Halafu wana ukarimu ambao sisi hatuna:
pete ndogo ya maandishi, ufundi wote wa mkasi umo,
hupitishwa kwa mrija kutoka kwa mmoja hadi mwingine,
si lazima awe mwana, si lazima awe wa kabila lake,
bila mahari, bila shahidi.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimefungua kabati.
Wamejaa hadi ukingo wa karatasi,
wamebanana kama nyuzi za zulia.
Sita, naandika. Sita.
Sita. Sita. Sita.
Ndivyo tunavyoandika sifuri hapa: upana wa karatasi yenyewe.

Ya mwisho, ile ya zamani,
inayochosha figo na kuiba masikio,
imeacha uwanja. Kumi na tisa.
Nimeshika simu, wodi ya tatu inaita,
na daktari Lefkothea ana sauti ya mtu ambaye hajalala.
Ipo moja, nataka kusema.
Lakini nimeinamisha sahani kwenye taa
na ndani ya uwanja, karibu na karatasi,
pana doa. Moja. Dogo kama punje ya chumvi
iliyodondoka kwenye unga.
"Haloo?" anasema. "Haloo?"